Gari Lililomwenea Loice

Loice Kwamboka alikuwa na kimo cha mtoto wa darasa la sita na mgongo wa mchukuzi wa magunia. Katika makao ya wazee ya Grand Prairie, Texas, alikofanya kazi ya muuguzi msaidizi tangu mwaka wa 1997, mzee wa kilo mia na ishirini akiteleza sakafuni hawakuitwa wanaume, aliitwa Loice. Aliingiza mikono chini ya makwapa ya mzee, akasema, "Moja, mbili, twende," na mzee akajikuta kitini asijue amefikaje. Kazi hiyo aliifanya saa nane kwa siku, na mwenzake wa zamu asipotokea, saa kumi na sita. Wenzake hawakutokea mara nyingi.

Uzito haukumchosha. Kilichomchosha ni kengele. Kila kitanda kilikuwa na yake, na zililia kutwa nzima: huyu ana kiu, yule anataka dirisha lifungwe, wa tatu anataka lifunguliwe, wa nne anataka tu kuhakikisha kwamba kengele bado inalia. Loice alianza kuzisikia hata nyumbani, ndani ya mngurumo wa friji, ndani ya kinanda cha kanisani. Mumewe, Elphas Onyancha, alipomwuliza angependa zawadi gani ya siku yake ya kuzaliwa, alijibu bila kufikiri.

"Saa tatu ambazo hakuna mtu ananiita."

"Hata mimi?"

"Wewe hasa, Baba Sheldon."

Elphas alikuwa fundi wa kutandaza nyuzi za kioo na kuzipaka gundi mpaka zigande kama mfupa. Kisumu alikuwa ametengeneza matangi ya maji. Texas aliajiriwa na Royce Pruitt, mwenye kiwanda cha mabafu, yale marefu ya mtu kulala ndani akaoga. Pruitt alikuwa mtu mnene, mkarimu, mwenye kofia pana na sauti ya kuita ng'ombe. Mwaka wa 1998 alipasuliwa ngiri, akalazwa nyumbani mbele ya televisheni, na huko akaona kwa mara ya kwanza mbio za magari za kutwa kucha za kule Ufaransa. Aliyatazama yale magari bapa, yenye kung'aa, yakizunguka tangu mchana hadi mchana wa pili. Mtangazaji akasema miili yake imetengenezwa kwa kitambaa cha nyuzi na gundi, juu ya kalibu.

Siku ya kurudi kazini Pruitt aliwakusanya wafanyakazi.

"Hao Wafaransa," alisema, "wanatengeneza mabafu. Tofauti ni kwamba wao wamefunga magurudumu."

Basi mradi ukaanza, kila Jumamosi, nyuma ya ghala. Mchoraji alikuwa shemeji yake Pruitt, Mzee Lyle, mstaafu wa kiwanda cha ndege, mtu mpole aliyekuwa na penseli sikio hili na penseli sikio lile. Elphas akawa mkuu wa kutengeneza mwili. Pruitt akajiteua dereva. Rasmi gari liliitwa Pruitt Namba Moja, lakini Elphas, alipoutoa mwili kwenye kalibu kwa mara ya kwanza na kuona ulivyojipinda kingo, aliliita Karai, na kuanzia hapo hata Pruitt, asiyejua neno lingine la Kiswahili, aliliita "Kara-ai."

Sasa, kujenga gari la mbio ndefu ni kazi ya kutatua matatizo, na Mzee Lyle aliyatatua yote. Injini ilikuwa nzito mno nyuma. Akaisogeza mbele inchi mbili. Tangi la mafuta lilikaa pabaya. Akalileta nyuma ya kiti, inchi mbili nyingine. Chama cha mbio kilitaka ukuta wa kuzuia moto, mabomba ya chuma ya kumlinda dereva, chupa ya kuzimia moto. Kila kitu kikapata mahali pake, na kila mahali palikatwa kwenye nafasi ya dereva. Miaka mitatu ikapita. Gari lilipungua kwa ndani, naye Pruitt akaongezeka kwa nje, na hakuna aliyeyaweka mambo hayo mawili pamoja hadi siku ya Septemba 2001 Karai lilipokamilika, rangi ya maziwa, limeng'arishwa kama bafu la harusi. Pruitt alivua kofia, akainua mguu, akaingia mpaka gotini. Hapo ndipo safari yake ilipoishia.

Mzee Lyle alijaribu. Elphas alijaribu. Aliitwa kijana mwembamba wa Fort Worth aliyekuwa na leseni ya mbio. Alijikunja, akajikunjua, akaondoka akiwa amevaa kiatu kimoja, kwa kuwa cha pili kilibaki chini ya kanyagio na hakuna mkono ulioweza kukifikia.

"Nimebuni gari bora kabisa," Mzee Lyle alisema kwa huzuni, "ila halina mahali pa mtu."

Wiki iliyofuata Loice alileta chai na mandazi kiwandani, kama alivyofanya kila Jumamosi asipokuwa zamu. Aliwakuta wanaume watano wameinama juu ya Karai kama waombolezaji. Elphas alimwomba, kwa kuwa ana mikono midogo, ajaribu kukitoa kile kiatu. Loice alibana sketi yake vizuri, akapanda, akateremka ndani. Aliingia kama mguu uingiavyo kwenye soksi. Kiti kikamshika mgongo. Usukani ukaja mkononi. Miguu ikafika kwenye vikanyagio bila kunyoosha hata kidole.

"Kiatu hiki hapa," alisema, akakirusha nje.

Hakuna aliyekiokota. Pruitt alikuwa ameweka kofia kifuani.

"Mama," alisema, "wewe huendesha gari?"

"Corolla."

"Na wewe ni Mkenya. Watu wa uvumilivu. Mbio ziko kwenye damu."

"Bwana Pruitt, mimi ni Mkisii. Sisi tunalima ndizi. Wanaokimbia ni majirani zetu."

Pruitt hakusikia jambo la majirani. Alimvika kofia ya chuma, akamfunga mikanda mitano, akamwambia awashe injini ili wasikie tu. Loice akabonyeza. Injini ilinguruma nyuma ya shingo yake kwa sauti ambayo haikuacha nafasi ya kitu kingine chochote. Aliona mdomo wa Elphas ukifunguka na kujifunga. Aliona Pruitt akipunga mikono. Hakusikia hata neno. Alifumba macho kidogo.

Walipomzimia injini, alisema, "Hizo mbio huchukua muda gani?"

"Fupi zake ni saa tatu," Mzee Lyle alijibu.

"Na ukiwa ndani, mtu anaweza kukuita?"

"Kuna redio. Lakini huwa haisikiki vizuri."

"Nitaendesha," Loice alisema.

Elphas hakulala vizuri wiki hiyo, lakini yeye ndiye aliyempeleka kwenye mafunzo ya leseni. Siku mbili alizunguka uwanja na walimu. Ripoti yake ilikuwa na mstari mmoja: "Hajampita mtu yeyote, wala hakuna aliyemkaribia kumgonga. Anapunga mkono kila anapopitwa." Wakampa leseni.

Uwanja wenyewe ulikuwa ng'ambo ya Houston, katikati ya mashamba ya mpunga, mwendo wa saa tano kutoka Grand Prairie ukiwa unavuta trela. Mbio za kwanza, machipuko ya 2002, Karai lilidumu raundi kumi na moja. Pruitt alikuwa amekataa skrubu zionekane kwenye mwili, kwa kuwa bafu zuri halionyeshi skrubu, akataka sehemu ya nyuma ibandikwe kwa gundi ya kuzibia sinki. Katika kona ya mwisho upepo uliinua mgongo mzima wa gari, ukaupeleka shambani, na bata wakaruka. Loice hakujua. Aliendelea na injini wazi, akishangaa kwa nini kila mtu anampungia, naye akawapungia pia, mpaka wakamwonyesha bendera nyeusi ya kumtoa njiani.

Mbio za pili, Oktoba mwaka huohuo, zilikwenda vizuri zaidi. Skrubu zilikuwa nje, kila mtu azione. Loice aliendesha saa nzima na nusu, mwendo wa mtu anayekwenda ibadani akiwa amechelewa kidogo, na magari yenye kasi yakaanza kuharibika moja baada ya jingine. Ndipo gari jekundu lililokuwa mbele yake likateleza, likazunguka mara tatu, likatua kwenye nyasi. Dereva hakutoka.

Mtu mwingine yeyote angepita. Loice alipunguza mwendo, akaegesha kando ya njia, akavuta breki ya mkono, akafungua mikanda mitano, akateremka. Wasimamizi wa bendera walipiga kelele mpaka sauti zikakauka. Yeye alivuka nyasi kwa hatua zilezile za koridoni, akafungua kioo cha kofia ya yule mtu, akashika kifundo cha mkono wake.

"Jina lako nani?"

"Duane," mtu yule alisema. Hakuwa ameumia, aliona aibu tu.

"Leo siku gani, Duane?"

"Jumamosi."

"Uko wapi?"

"Kwenye nyasi, mama. Na wewe uko katikati ya mashindano."

"Mapigo yako ni mia na thelathini," Loice alisema. "Kaa utulie. Usisimame ghafla."

Karai liliondolewa mashindanoni kwa kosa ambalo, waamuzi walikiri, hakuna aliyewahi kulifanya hata likaandikiwa sheria. Walilazimika kuitunga palepale, kwa kalamu, kwenye mgongo wa bahasha. Njiani kurudi, walipopita Huntsville, Elphas alipunguza mwendo wa lori.

"Mama Sheldon, tulikuwa wa tano."

"Na kama angekuwa amevunjika shingo?"

"Kuna madaktari pale. Kuna ambulensi mbili."

"Walikuwa wamekaa," Loice alisema. "Mimi nilikuwa napita."

Ukweli ni kwamba lilikuwapo jambo jingine lililomkaa Elphas rohoni. Gari lile alilitandaza yeye, kipande kwa kipande, kwa mikono iliyowasha kwa vumbi la kioo miaka mitatu, na hajawahi kukaa ndani yake hata dakika moja. Baada ya Krismasi akaanza kula kabichi. Alikula kabichi asubuhi, akala jioni, akakataa ugali mbele ya wageni. Kufikia Februari mashati yalimpwaya. Alhamisi moja, wenzake walipokwenda kula, alivua ovaroli, akapanda Karai, akashusha pumzi zote, akajisukuma.

Alishuka mpaka kifuani. Kisha akavuta pumzi, na pumzi ikamfunga humo kama kabari.

Loice alipofika, ameitwa kwa simu kutoka kazini, aliwakuta wafanyakazi kumi na wawili wamesimama na sabuni ya vyombo. Elphas alikuwa ametazama mbele, mikono miwili kwenye usukani, uso mtulivu wa mtu aliyekubali yote. Pruitt alitaka kukata mwili wa gari kwa msumeno.

"Usithubutu," Elphas alisema.

Loice aliinama sikioni kwake, akatumia ile sauti ya kuwasemesha wazee. "Baba Sheldon. Toa pumzi. Usivute mpaka nikwambie." Akaingiza mikono chini ya makwapa. "Moja, mbili, twende."

Alitoka na sauti ya kizibo cha chupa. Alikaa sakafuni muda mrefu, kifua kimejaa povu la sabuni.

"Linakaaje ukiwa ndani?" Loice alimwuliza taratibu.

"Zuri," Elphas alisema. "Kiti kinakushika. Usukani uko pale hasa ningeuweka." Akajifuta macho. "Sabuni hii ni kali."

Siku hiyo alikula ugali wa watu watatu.

Machipuko ya 2003 Pruitt aliandikisha Karai kwenye mbio za saa sita. Kanuni ilisema hakuna dereva atakayekaa usukanini zaidi ya saa nne kwa siku, kwa hiyo alihitajika wa pili, na wa pili huyo ilibidi awe mdogo kama Loice. Pruitt alitembea kiwandani na kipande cha ubao kilichokatwa kwa upana wa kiti, akipima migongo ya watu. Alisimama kwa Mado.

Mado alikuwa mwanamke wa Uvira, mkimbizi aliyefika Texas mwaka wa 2000, na kazi yake kiwandani ilikuwa kuendesha foklifti. Alikuwa mfupi kuliko Loice kwa vidole viwili. Loice ndiye aliyetumwa kuzungumza naye, maana Pruitt alishindwa kueleza bila kupiga kelele.

"Dada, hutaogopa?"

"Niogope nini?" Mado alisema. "Miye niko naendesha foklifti siku yote, na mara mingi niko naenda nyuma-nyuma, na mabafu ine kwa mbele." Akaonyesha vidole vinne. "Hiyi gari inaenda mbele tu. Ni mwepesi." Akazunguka Karai, akatazama huku na huku. "Lakini honi iko wapi?"

"Haina honi."

"Gari bila honi? Na kama mutu iko mbele yangu?"

"Unampita."

"Bila kumuambia? Apana. Hiyo ni adabu gani?"

Hakutaka kabisa kuingia mpaka Elphas alipofunga honi. Alifunga ile ya foklifti ya zamani, kwa kuwa ndiyo iliyokuwapo, na Mzee Lyle akakagua kitabu cha kanuni kurasa zote asione mahali ilipokatazwa.

Sasa, Loice alikuwa na mdogo wake, Everline, muuguzi aliyekuwa akiishi Missouri City na kuimba kwaya katika kanisa la Wakenya la huko. Jumapili ya kabla ya mbio Everline alisimama wakati wa matangazo, akasema: "Jumamosi dada yangu Loice anashiriki mbio za saa sita, hapa karibu. Twendeni tukamtie moyo." Hakusema zaidi, akakaa.

Hayo ndiyo yote aliyosema, na kila mtu akaelewa anavyojua. Kwamba ni magari, hakuna aliyefikiri. Mwanamke Mkenya anashiriki mbio, kuna haja gani ya kueleza? Na saa sita ni saa sita. Basi Jumamosi, saa nne asubuhi, mbio zilipoanza, kanisa lilikuwa bado linapakia vyakula. Walifika adhuhuri kamili, mabasi mawili na magari saba, wakiwa na ndizi, glukosi, taulo na jozi mbili za raba za namba ndogo endapo zake zingechanika. Mzee mmoja alikuwa na saa ya kupimia iliyoning'inia shingoni. Walijipanga kwenye uzio, wakatazama magari yakipita kwa kishindo.

"Hawa wenye magari wakimaliza," mchungaji alimwuliza Everline kwenye sikio, "ndipo wakimbiaji watatoka?"

Wakati huohuo Karai jeupe likapita, likipiga honi. Mado ndiye aliyekuwa ndani. Alipiga honi kila kona, kabla ya kuingia na baada ya kutoka, kama sheria ya foklifti ilivyoandikwa kwenye ukuta wa ghala. Madereva wengine hawakuwahi kusikia honi uwanjani. Wengi walidhani ni gari la huduma linakuja na dharura, wakasogea kando kwa heshima. Kwa njia hiyo Mado aliyapita magari manne ambayo kwa kasi asingeyapata kamwe.

Everline alipomwelewesha, mchungaji akawaambia watu wapige magoti palepale kwenye changarawe.

Loice alikuwa ameendesha saa mbili za kwanza. Mado akaendesha saa mbili za katikati. Na saa nane mchana Loice akarudi usukanini kwa mbili za mwisho. Alipoingia njiani mbingu ya upande wa Houston ilikuwa imegeuka rangi ya bati. Tone la kwanza lilikuwa kubwa kama shilingi. La pili halikuonekana, kwa kuwa yote yaliyobaki yalishuka pamoja.

Magari yenye matairi ya gharama yakaanza kuteleza kama sabuni sakafuni. Loice alikuwa na desturi ya mvua: katika mvua mtu hupunguza mwendo, huacha nafasi, hashiki breki ghafla. Akapunguza, akaacha nafasi. Lakini ilipopita nusu saa aliona baridi miguuni, kisha magotini, kisha tumboni. Karai halikuwa na paa. Na Elphas, kwa fahari ya kazi yake, alikuwa ameziba kila kiungo cha mwili ule, kwa maana kiwanda chao hakikuwahi kuuza bafu linalovuja.

"Elphas," Loice aliita kwenye redio, na ilikuwa mara ya kwanza kuitumia tangu aanze mbio. "Niko ndani ya maji."

"Uwanja umefurika?"

"Mimi ndiye nimefurika. Yamefika kwenye mkanda."

Alipoingia kituo cha mafundi, maji yalikwenda mbele yote kwa wakati mmoja, yakampiga usoni, yakarudi nyuma. Pruitt alitazama, na kwa mara ya kwanza katika mradi ule tatizo lilikuwa limefika kwenye uwanja wa ujuzi wake. Alikimbia mpaka kwenye lori, akarudi na keekee na sanduku dogo. Akalala chini ya gari, matopeni, kofia na yote. Elphas aligeuza uso asione mwili ukitobolewa. Maji yakabubujika. Pruitt akachukua kizibo cha mpira chenye mnyororo, akamkabidhi Loice mwisho wa mnyororo.

"Kwenye madimbwi, ziba," alisema. "Kwenye njia kavu, vuta."

"Njia kavu iko wapi?"

"Basi vuta tu!"

Watu wa kanisa, walioruka uzio kwa sababu hakuna msimamizi aliyekuwa na moyo wa kuzuia kwaya iliyolowa, walimpitishia ndizi mbili na glukosi juu ya ukuta. Akala ya kwanza kituoni. Ya pili aliiweka mapajani.

Na hapo, katika saa ile ya mwisho, Loice alipata kile alichokuwa amekitafuta. Redio ilikufa kwa maji. Mvua ilizima kila sauti isipokuwa injini. Hakuona magari mengine, ila mara mojamoja taa nyekundu ikififia shambani. Alizunguka, akavuta mnyororo, akazunguka. Baadaye alimwambia Everline kwamba alilia kidogo, si kwa huzuni, na kwamba ilikuwa vizuri kulia mahali ambapo mtu tayari amelowa.

Magari ishirini na mawili yalianza. Yaliyomaliza ni sita. Karai lilikuwa la nne kati ya yote, na la kwanza katika daraja lake, ambalo lilikuwa na magari mawili, jingine likiwa limekufa kabla ya saa tano asubuhi. Loice hakujua kwamba mbio zimekwisha. Bendera ya miraba ilikuwa imelowa, imejikunja kwenye mti kama kitambaa cha kudekia. Alizunguka mara tano zaidi, peke yake, mpaka Mado akatoka njiani na kusimama mbele yake mikono miwili juu.

"Imekwisha, dada! Tumeshinda!"

"Nani amesema?"

"Watu wote! Mapasta pia!"

Mzee wa saa ya kupimia alimwonyesha muda wake. Alikuwa ameupima wote, tangu adhuhuri, kwa uaminifu, asijue wa nini. Raba hazikupotea bure: mtangazaji alipotaka kuwapiga picha washindi, Loice na Mado walikuwa peku, viatu vimejaa maji, kwa hiyo picha iliyotoka kwenye jarida la chama inawaonyesha wakiwa na raba mpya za kukimbia, na chini yake mhariri ameandika: "Wakenya wawili." Mado alilalamika kwa barua. Hawakusahihisha.

Karai lilishindana mara tatu tena. Mara ya kwanza gia ilivunjika, mara ya pili likamaliza la tisa, mara ya tatu Mado alimpigia honi mwamuzi mkuu aliyekuwa akivuka njia, na mwamuzi akajitupa ndani ya mtaro. Mwisho wa 2004 chama kilitoa kanuni mpya zenye kurasa mbili. Ya kwanza ilikataza honi, vizibo na ndizi. Ya pili ilitaka nafasi ya dereva iwe na upana wa kumtosha mtu mzima wa kawaida. Mzee Lyle alizisoma akakaa chini. Ili kupata upana ule, alieleza, ingebidi asogeze mabomba, kisha ukuta, kisha tangi, kisha injini. Yaani ingebidi ayarudishe matatizo yote aliyoyatatua. Alikuwa na miaka sabini na nane. Pruitt akamshika bega, akasema basi. Gari lilinunuliwa na mwenye duka la kuoshea magari kule Arlington, akaliweka juu ya nguzo.

Loice alisoma jioni, akafaulu, akawa muuguzi kamili mwaka wa 2006. Wakahamia mji wa Katy, Elphas akapata kazi ya kutengeneza matangi ya viwanda. Hospitalini hakuna aliyejua habari zake. Alisema tu, akiulizwa, kwamba aliwahi kujaribu michezo.

Mado ndiye aliyeendelea. Timu moja ya Houston, ya watu wenye lori refu na mavazi yanayofanana, ilikuwa ikimkumbuka yule mfupi aliyewapita kwa honi, ikampigia simu. Mado akampigia Loice.

"Wanataka sisi wote mbili. Gari yao iko na nafasi. Hata Elphas anaweza ingia."

"Usimwambie Elphas," Loice alisema. Akafikiri kidogo, akitazama nje, mumewe akimwagilia nyasi. "Nenda wewe, dada yangu. Mimi siku hizi nikitaka kukaa kimya nafunga mlango."

Alikwenda kumtazama mara moja, vuli ya 2007, yeye na Elphas, na viti vya kukunja na chupa ya chai. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuona mbio akiwa upande wa watu. Mado alipita akiwa amevaa bluu, haraka kuliko walivyowahi kwenda na Karai, bila honi, akamkata mtu kwenye kona kwa ufundi ambao Elphas alisimama kuupigia makofi. Kisha akapita tena. Kisha tena. Gari la kijani likafuata, na la manjano, na la bluu.

"Hivi ndivyo ilivyokuwa?" Loice aliuliza.

"Hivi hivi. Saa sita."

"Nanyi mlisimama hapa, mkatazama?"

"Tulisimama."

Loice alitazama raundi nyingine nane, kwa heshima. Akamimina chai, akanywa nusu, akampa Elphas ashike kikombe. Wakati Mado alipopita raundi ya kumi na tano, akiwa wa tatu na anazidi kusogea mbele, dada yake wa zamani wa usukani alikuwa ameegemeza kichwa kwenye bega la mumewe, mdomo wazi kidogo, amelala fofofo katikati ya makelele yale.